Mto Kakombe unapata wapi maji mwezi wa nane?

Swali: "Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa biolojia katika sekondari moja ya Kasulu. Mwezi wa nane tulikwenda Gombe, ile hifadhi ya sokwe kando ya Ziwa Tanganyika, watu watatu, tukapanda bonde la Kakombe hadi kwenye maporomoko. Sokwe hatukubahatika kuwaona, lakini kuna jambo limenikaa kichwani. Matuta ya juu yote yalikuwa makavu, nyasi rangi ya kaki, sehemu nyingine zimeungua. Bondeni ni kijani tupu, kiza na ubaridi, na mto unatiririka ilhali mvua ilikatika tangu mwezi wa tano. Kijana aliyetuongoza alisema miti ndiyo inayovuta maji. Nahodha wa boti iliyoturudisha Kibirizi akacheka, akasema mto ndio unaoilea miti, na ukiikata yote mto utabaki palepale. Yupi msema kweli? Na nikirudi na wanafunzi wangu, niwaonyeshe nini endapo sokwe hawatatokea tena?"

Marahaba, Mwalimu. Nimelifurahia swali lako kuliko nilivyoweza kukuonyesha kwa simu, maana wengi wanaorudi Gombe bila kumwona sokwe huniandikia kulalamikia nauli. Wewe umekaa ukatazama maji.

Nianze na hukumu, kisha nieleze. Ukiniuliza habari za siku ile moja ya mwezi wa nane, nahodha yuko karibu zaidi na ukweli: pale bondeni miti ipo kwa sababu maji yapo. Ukiniuliza habari za miaka hamsini, kijana wako ndiye aliyeshika jambo kubwa, ila amelitaja kwa neno lisilo sahihi. Miti haivuti maji kuyaleta mtoni. Miti inayanywa. Kinachoweka maji ni kilima, na miti ya kwenye mteremko, ile mliyoipita bila kuiangalia kwa kuwa ilikuwa mikavu, ndiyo inayokifungulia kilima mlango ili maji yaingie.

Tazama kwanza umbo la nchi. Gombe ni ukanda mwembamba. Ufukweni uko kama mita 770 juu ya usawa wa bahari, ukifika kwenye ukingo wa juu umepita mita 1,500, na kati ya hapo na pale ni kilomita mbili au tatu tu kama ndege arukavyo. Ule mlima mnaoupanda ni ukuta wa Bonde la Ufa, na ukuta huo hauishii ufukweni: unaendelea kushuka chini ya maji ya Tanganyika, ziwa ambalo penye kina kirefu kabisa lina mita 1,470. Mitumba, Kasekela, Kakombe, Mkenke, vijito vyote hivi ni vifupi na vimesimama wima. Mvua ikianguka kwenye mteremko wa namna hiyo na kukimbia juu ya ardhi, ingefika ziwani kabla chai yako haijapoa. Kwa hesabu hiyo, mwezi wa sita Kakombe ingekuwa mawe matupu. Kama kuna maji mwezi wa nane, maana yake mvua haikukimbia. Ilizama.

Jambo hili wanafunzi wako wanaweza kuliona kwa macho, na linahitaji chupa moja ya maji tu. Mkiwa katikati ya mteremko, chini ya miombo, mwambie mmoja wao amimine maji taratibu katikati ya njia, pale palipokanyagwa na miguu ya miaka mingi. Maji yatasimama kidogo, yatang'aa, kisha yataanza kutambaa kushuka yakiwa yamebeba vumbi jekundu mbele yake. Kisha asogee hatua mbili pembeni, amimine kiasi kilekile juu ya majani makavu. Yatapotea. Hapo mpige magoti. Inueni majani polepole, tabaka kwa tabaka: juu kuna makavu yanayopasuka mkononi, chini yake yale yaliyoanza kulainika na kuwa meusi, na chini kabisa mtaona nyuzi nyeupe nyembamba kama uzi wa kushonea zimeyashona majani na udongo pamoja. Hizo ni nyuzi za uyoga. Miti mingi ya miombo inaishi kwa ushirika nazo: zenyewe hutafuta madini na maji kwenye udongo, mti unazilipa kwa sukari. Uyoga tunaoununua kwa mafungu barabarani mvua zikianza, mwingi wake ni tunda la nyuzi hizo. Endeleeni kutazama. Mtaona vitundu vya mchwa, na mifereji iliyoachwa na mizizi iliyokufa na kuoza. Kila kitundu ni mlango wa maji. Mvua ya masika huingia humo, hushuka mpaka kwenye nyufa za mwamba, halafu huanza safari ya polepole kuelekea bondeni, safari ya wiki, ya miezi, na mengine ya muda mrefu zaidi ya hapo. Maji mliyoyakanyaga mwezi wa nane, Mwalimu, ni mvua iliyokwisha nyesha zamani ambayo ndiyo kwanza inafika.

Sasa nikueleze kwa nini nimelishikilia hilo neno "kuvuta" kana kwamba lina ubaya. Nilipokuwa kijana wa misitu, kabla mvi hazijaniota, nilitumwa kwenye kijiji kimoja cha milimani ambako chemchemi ilikuwa imeanza kupungua. Nilikuwa nimeamini kabisa kwamba mti ni mti na kila mti huvuta maji. Tukapanda mikaratusi kuizunguka chemchemi ile, safu kwa safu, akina mama wakiibeba miche kichwani. Mikaratusi ilishika vizuri sana. Miaka michache baadaye niliporudi, ilikuwa imepita mapaa ya nyumba, na chemchemi ilikuwa tope lenye nyayo za ng'ombe. Mama mmoja mzee alinionyesha ndoo yake tupu, hakusema kitu. Sijaisahau ndoo ile. Mkaratusi hukua haraka kwa sababu hunywa sana, na sisi tulikuwa tumeupanda mdomoni mwa kisima. Tangu siku hiyo simwachi mtu aseme mti unavuta maji bila kumuuliza: mti gani, umesimama wapi, na maji unayapeleka wapi?

Hata miti ya asili ya bondeni Kakombe inakunywa, tena wazi. Mchana jua likiwaka, majani huachia mvuke hewani na mizizi hufyonza maji yaliyokuwa yakielekea mtoni. Ndiyo maana vijito vidogo vya msituni wakati wa kiangazi hupungua kidogo mchana, halafu usiku miti ikipumzika vikajaa tena. Si kwamba kilima kimebadili nia kati ya asubuhi na jioni. Ni miti imekunywa.

Na ile habari kwamba misitu huleta mvua? Ni kweli kwa misitu mikubwa kama ya Kongo ng'ambo ya ziwa, ambayo mvuke wake huenda ukanyesha mbali. Lakini bonde moja la kilomita tatu halijiitii mvua yake lenyewe. Kazi yake ni kuipokea vizuri ikija.

Hapa ndipo nahodha anapokosea. Anasema ukikata miti mto utabaki palepale. Mwambie safari ijayo apite taratibu mbele ya Mwamgongo, kijiji kinachopakana na hifadhi upande wa kaskazini, kisha atazame Mitumba, bonde la kwanza ndani ya mpaka. Milima ni ileile, mvua ni ileile. Mitumba ina msitu toka juu hadi chini. Milima ya Mwamgongo watu walilazimika kuilima, maana ardhi ni ndogo na watoto wanataka kula, na siwezi kumlaumu mtu aliyelima ili aishi. Lakini mteremko ukishavuliwa majani, mvua hukimbia juu yake kama ile chupa mliyomimina njiani. Mto huwa mwekundu na wenye hasira siku ya mvua, kisha kiangazi hunyong'onyea. Watafiti wamechimba matope ya chini ya ziwa mbele ya midomo ya vijito vya eneo hili, wakalinganisha panapolimwa na palipohifadhiwa, na tofauti ya mchanga uliomwagika ziwani inasomeka. Mchanga huo huenda kukaa juu ya mawe ambako samaki wadogo wa rangi, wale wanaopatikana Tanganyika tu na si pengine popote duniani, hukwangua ukungu wa kijani ndio chakula chao. Jiwe likifunikwa tope, hakuna cha kukwangua. Nahodha anayevua dagaa na migebuka asidhani habari za mteremko hazimhusu.

Picha za satelaiti za tangu miaka ya 1970 zinaonyesha jinsi misitu ya nje ya mpaka ilivyotoweka ndani ya kizazi kimoja. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyefika pale mwaka 1960 akiwa na umri wa miaka 26, alishtuka alipoyaona hayo kutoka kwenye ndege ndogo miaka ya mwanzo ya 1990, na mwaka 1994 taasisi yake ikaanza mradi wa TACARE pamoja na vijiji vya Kigoma. Vijiji vikatenga misitu yao, na penye bahati visiki vilivyokuwa vimeachwa ardhini vikachipua vyenyewe bila kupandwa. Kisiki cha mti wa miombo kina mizizi hai chini. Ukikinyima moto na panga kwa miaka michache, kinakurudishia mti. Laiti ningelijua hilo wakati ule wa mikaratusi.

Basi turudi njiani, maana umeuliza cha kuwaonyesha watoto.

Msiharakishe kuondoka ufukweni. Penye mchanga uliolowana mdomoni mwa kijito, saa tatu saa nne hivi jua likishapanda, mtawakuta vipepeo wamekusanyika kama vikaratasi vilivyotupwa. Hawana kiu tu. Wanafyonza chumvi, na wengi wao ni madume, ambao huipeleka kwa majike wakati wa kupandana. Mwanafunzi akilala kifudifudi bila kuwatupia kivuli ataona ule mrija mdomoni ukigusagusa mchanga.

Halafu michikichi. Sisi wa Kigoma tumekulia kwenye mawese na sabuni ya mise, kwa hiyo hatuishangai. Lakini mabonde haya yalikuwa na watu kabla hayajatengwa kuwa pori la akiba mwaka 1943, na michikichi ya sehemu za chini mara nyingi ni kumbukumbu yao. Leo wenye kuila ni sokwe na tai mweupe mwenye mabawa meusi, ndege wa jamii ya tumbusi asiyetegemea mizoga, bali hula zaidi matunda ya mchikichi. Na hapa kuna somo zuri la biolojia: sokwe wa Gombe huipenda sana michikichi, ilhali wenzao wa Mahale, kusini kwetu kwenye ziwa hilihili, wanayo na hawaigusi. Mti ni mmoja, mnyama ni mmoja, mila tofauti.

Mkishaingia kwenye kiza cha bonde, simameni. Msiongee kwa dakika tano. Mwili ndio wa kwanza kujua: jasho linapoa, pua inanusa majani yanayooza. Hapo ndipo migwiza, mikuyu na jamaa zake hushusha mizizi karibu na maji, na mitambaazi minene kama kamba za meli inapanda kutafuta mwanga. Moto wa kiangazi ukishuka kutoka matutani hufika ukingoni mwa msitu huu ukafa, kwa kuwa majani ya chini yana unyevu. Kwa hiyo rangi mbili ulizoziona, kaki na kijani, mpaka wake umechorwa na maji na moto kwa pamoja.

Tazameni pia mikono miwili ya bonde. Kakombe inashuka kwenda magharibi, kwa hiyo mkipanda, kaskazini iko kushotoni. Sisi tuko kusini mwa ikweta, na kiangazi jua la adhuhuri linakaa upande wa kaskazini. Mteremko wa kuliani unaielekea kaskazini, unachomwa. Wa kushotoni umelipa jua kisogo, unabaki na unyevu muda mrefu zaidi. Waachie watoto waulinganishe wenyewe ukavu wa pande mbili kabla hujawaambia sababu.

Juu ya vichwa vyenu kutakuwa na kima. Msiridhike na kusema "kima" mkapita. Wako wa aina mbili hapa, mwenye mkia mwekundu na yule mkubwa wa rangi ya kijivu iliyoingia buluu, na Gombe ni mojawapo ya sehemu chache ambako aina hizi mbili zimezaliana, na watoto wao nao wakazaa. Mwalimu, wewe unayefundisha kwamba spishi ni viumbe wasiozaliana na wengine, wapeleke wanafunzi chini ya mti ule wakuulize maswali. Usiogope. Mkisikia mlio mzito wa kukoroma, huenda ni shorobo, ndege wa zambarau iliyokolea. Akiwa ametua hana ajabu kubwa, akiruka mabawa yanawaka mekundu. Wekundu huo una shaba ndani yake, shaba ileile ya nyaya za umeme.

Sokwe wasipoonekana, tafuteni vitanda vyao. Kila jioni sokwe mkubwa hukunja matawi, akayafuma, akalala humo, na kesho yake hutengeneza kingine. Kiota cha jana kina majani mabichi, cha wiki chache ni kahawia, cha zamani kimebaki fito tupu, unaona anga katikati yake. Mkihesabu viota kwenye mti mmoja na kuvigawa kwa rangi, mmeshajua kundi limepita lini.

Maporomoko mmeyaona: takribani mita 25 za maji kwenye ukuta wa mwamba, kangaga pembeni, na upepo unaotoka kwenye maji yenyewe. Goodall aliandika jinsi madume ya sokwe wakifika hapo nywele zao husimama, wakayumba kwa miguu miwili, wakabembea kwenye mitambaazi na kurusha mawe. Wanachohisi siwezi kukisema. Lakini ule ukuta mnaoutazama, angalieni pembeni ya maji makuu, chini kidogo: kuna mahali mwamba unatoa jasho. Matone yanatokeza kwenye ufa, yanaungana, yanaanguka. Hapo ndipo jibu la swali lako linapotoka kwa macho yenu. Gusa. Ni maji ya kilima.

Kama ratiba ya shule inaruhusu, nendeni mwishoni mwa mwezi wa kumi au mwanzoni mwa wa kumi na moja. Miombo itakuwa imetoa majani mapya mekundu kama shaba, tena kabla mvua haijashika, kwa akiba iliyomo ndani ya mti na ardhini. Na mvua za kwanza zikianza ndipo sokwe hukaa kwenye vichuguu wakichokoa mchwa kwa vijiti, jambo ambalo Goodall aliliona mwaka 1960 na dunia ikalazimika kufikiri upya juu ya nani anayetengeneza zana. Hata maji ya mvua yaliyotuama kwenye uwazi wa mti huyachota kwa majani waliyoyatafuna yakawa kama sponji.

Mambo machache ya lazima. Uliza mapema umri unaoruhusiwa kuwafuata sokwe, maana watoto wadogo hawaruhusiwi. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani, hata akilia: magonjwa yetu huwaua. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliingia kwa sokwe wa Gombe, wengine wakafa, wengine wakabaki wakiburuta mkono. Chakula kifichwe, nyani wa ufukweni hawaombi. Kuoga ziwani uliza kwanza, kichocho kipo.

Na kabla hujafunga safari, fanya jambo moja hukohuko Kasulu. Tafuta kijito chenye miti pande zote mbili, siku ya kiangazi isiyo na mawingu, ukaweke kijiti chenye alama za milimita mahali ambapo maji ni membamba na hayana mawimbi. Soma saa kumi na mbili asubuhi, soma tena saa tisa alasiri, kwa siku tatu mfululizo. Kisha tafuta kijito kingine kisicho na miti ufanye vivyo hivyo. Nitumie namba zote, hata zile utakazoona hazina maana.